Bakuli la Mkulo na Mkono wa Yohana

Mwanangu Zaina,

Umeshuka Bumbuli kumuaga bibi yako, na mama yako amekufuata na kapu la maharage kwa sababu anasema mtu haendi kuaga mikono mitupu. Leo Ijumaa, injini imezimwa tangu adhuhuri. Karakana iko kimya hata nasikia ukungu ukidondoka kutoka kwenye bati. Nimesogeza maranda pembeni, nimekaa kwenye benchi la kazi, nakuandikia kwa kalamu yako uliyoisahau hapa juzi. Usiitafute. Nitaiweka ndani ya bahasha hii.

Mambo ya blanketi, ya sabuni, ya kufunga nauli kwenye upindo wa kanga, ya kuswali kwa wakati na kutokula chakula cha mtu usiyemjua safarini, mama yako ameyamaliza. Sina la kuongeza. Mimi nataka kukueleza habari ya bakuli lililoruka. Najua utasema, "Baba, si nilikuwepo?" Ulikuwepo. Lakini ulikuwa na miaka kumi na mitatu, na habari ile ina upande ambao hukuuona, kwa kuwa upande huo ulikuwa ndani ya kifua changu tu.

Nianze nyuma kidogo. Kabla ya Uhuru karakana hii ilikuwa ya mlowezi aliyepasua mbao. Nilianza kwake kwa kufagia unga wa mbao, nikaishia kwenye mashine ya kukereza, nikichonga miguu ya meza na nguzo za ngazi za nyumba za watu ambao sikuwahi kuingia sebuleni mwao. Alipoondoka akaiacha mashine, kwa sababu haibebeki. Kijiji chetu kilipokuwa kijiji cha Ujamaa, karakana ikawa mradi wa kijiji, na mimi niliyekuwa naitwa "wewe" nikaanza kuitwa Fundi Athumani. Usicheke. Jina hilo lilinipanda kichwani kuliko nilivyokubali wakati ule, na mengi yaliyofuata yalitoka humo.

Tukawa tunakereza mabakuli ya mti wa mkulo. Unaijua harufu yake, mama yako anasema imeingia hata kwenye mto wangu wa kulalia. Mabakuli yalipendwa, lakini yalikuwa na aibu moja. Ili bakuli lizunguke kwenye mashine lazima lishikwe, na sisi tulikuwa tukilishika kwa skrubu nne kwenye kitako. Ukimaliza kazi, matundu manne yanabaki. Tuliyaziba kwa gundi na unga wa mbao. Mtu akitia mchuzi wa moto, gundi inalainika, mchuzi unatiririka mezani. Duka lililokuwa likiyachukua likaturudishia kikapu kizima, na ujumbe mfupi: kazi nzuri, kitako kibaya.

Nikakumbuka kitu nilichokiona ujana wangu nilipopita Tanga. Fundi mmoja alikuwa amekishika kipande chembamba cha bati kwenye mashine bila msumari, bila skrubu, kwa kunyonya hewa tu. Nikasema, kama bati linashikika hivyo, kwa nini bakuli lisishikike? Kule kwenye shamba la ng'ombe lililoachwa kulikuwa na pampu ya kukamulia maziwa, ile inayonyonya. Mwenyekiti wa kijiji akaniruhusu kuichukua. Mimi na Yohana tukaibeba kwa mti mabegani, kupanda na kushuka, kutwa nzima. Yohana alikuwa akiimba nyimbo za kwaya yao ya Kilutheri, na mimi nikimwambia Mungu wake anasikia vizuri, asipige kelele.

Yohana ndiye aliyekuwa akiiendesha injini yetu ya dizeli. Injini ile ilikuwa ikizungusha vyote kwa mikanda, mashine ya kukereza huku, pampu kule. Nani mwingine kijijini angeweza kusikiliza injini akiwa amelala chini ya mgomba na kukuambia bomba lipi limeziba? Ulikuwa ukimwita baba mdogo, ingawa yeye ni Mkristo na sisi Waislamu, na hakuna aliyeona ajabu.

Nilichonga kikombe kipana cha mti wenyewe wa mkulo, nikakifunga kwenye mashine. Mdomo wake nikauvika mpira wa tyubu ya baiskeli. Nyuma, kupitia tundu la mhimili wa mashine, nikapitisha bomba jembamba hadi kwenye pampu, na pale linapokutana na kitu kinachozunguka nikaweka bearingi, ile pete ya gololi, ili bomba lisijisokote. Halafu geji, kile kisaa cha kuonyesha nguvu ya kunyonya. Bakuli unalifunika kwenye kikombe, kitako kikikutazama, pampu inatoa hewa ya ndani, na bakuli linaganda kama limegundishwa. Unakereza kitako chote, hakuna tundu. Ukifungulia koki hewa inaingia na bakuli linakuangukia mkononi. Siku ya kwanza liliposhika, nilikuita uje ulivute. Uliweka mguu kwenye benchi ukavuta kwa nguvu zako zote, na halikutoka. Ukaniambia, "Baba, pampu hailivuti. Hewa yote hii ya nje ndiyo inayolisukuma. Mwalimu alituambia." Nikakuitikia tu. Moyoni nilikuwa nimevimba kwa fahari, na kwa nini sikusema? Hata leo sijui. Ukweli ni kwamba mambo mazuri niliyoyafikiri juu yako nimeyanyamazia, na makali nimeyasema papo hapo.

Ikaja siku ya wageni kutoka wilayani kuutazama mradi. Asubuhi ile tulikuwa tukijaribu mashine. Ulipita na ndoo, ukasimama, ukainama na kuweka sikio karibu na kikombe. "Baba," ukasema, "inapumua."

Nilikuuliza nini kinapumua.

"Hapa. Kuna hewa inaingia mahali. Sikiliza, tsss."

Watu walikuwa wameshaanza kujaa mlangoni. Nikakuambia, kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Mtoto wa kike ndiye atakayenifundisha kazi? Nenda kamsaidie mama yako kuni." Wakacheka. Ukaokota ndoo yako ukaenda. Nilikuona mgongo tu, na mgongo ule nimeutazama mara nyingi tangu siku hiyo.

Sasa sikiliza usichokijua. Ulipoondoka nilitazama geji. Mshale ulikuwa umeshuka. Ukapanda kidogo, ukashuka tena. Niliuona, Zaina. Fundi akiona mshale ule anazima, anatafuta panapovuja, hata anayemgojea awe nani. Lakini wageni walikuwa wamefika, mwenyekiti ameshasema neno la kukaribisha, na mimi ndiye Fundi Athumani. Nikaweka bakuli kubwa kuliko yote. Kwa kawaida kuna ule mkono wa nyuma wa mashine, unausogeza ukandamize kazi isiruke mpaka dakika ya mwisho. Nikauondoa mapema, ili wageni waone vizuri jinsi bakuli linavyosimama lenyewe. Wakapiga makofi. Nikaongeza mwendo.

Liliruka bila kuonya. Lilipita karibu na sikio langu, likagonga nguzo, likampata Yohana kwenye kiwiko, kwani alikuwa amesimama penye injini yake, mahali alipopaswa kuwa. Nilisikia mfupa. Aliketi chini polepole kama mtu aliyechoka, akasema, "Athumani, zima." Hata wakati ule aliiwazia mashine.

Watu walimbeba kumpeleka hospitali kwa machela. Mwenyekiti akanivuta kando. "Fundi, imekuwaje?"

Nikasema, "Injini ilikata."

Maneno mawili. Hayakunichukua hata pumzi moja. Maana yake alielewa kila mtu: injini ikikata, hata kwa kufumba na kufumbua, pampu inakata, na bakuli linaachiliwa. Na injini ni ya nani? Sikumtaja Yohana. Nilijidanganya kwamba kwa kuwa sikumtaja, sikumsingizia.

Mkono ulipona ukiwa umepinda. Kamati ya kijiji ikamtoa kwenye injini kwa uzembe, ikampangia kufukuza ngedere kwenye shamba la mahindi la kijiji, kazi ambayo hata mkono mmoja unatosha. Injini akapewa mtu mwingine, naye akaitendea kama punda. Na mimi nikaitwa mbele ya mkutano nikapewa pole, kwa kuwa ningeweza kuuawa na uzembe wa mwenzangu. Nikapokea.

Miezi minne, mwanangu. Kila asubuhi ulikuwa ukipiga goti, "Shikamoo baba," na mimi "Marahaba," na hapo ndipo maneno yako kwangu yalipokuwa yakiishia mpaka kesho yake. Chakula uliniletea, maji ya kunawa ulinimiminia. Mama yako akasema mtoto amekua, anaona haya. Mimi nilijua si haya. Ulikuwa umesikia ile hewa kwa sikio lako. Ulijua kwamba injini haikukata.

Siku moja nilikuwa natoka Mponde kuuliza habari ya mbao, nikapita njia ya juu, ile ya shambani. Yohana alikuwa amekaa kwenye jiwe, ana kombeo kwenye mkono mzima. Nilitaka kugeuka, lakini alishaniona. Akanisogezea nafasi. Tukaongea juu ya mvua. Halafu akasema, akitazama mahindi na si mimi:

"Nimekuwa nikifikiri sana. Dizeli asubuhi ile niliijaza mwenyewe. Nikaichuja kwa kitambaa. Lakini labda kuna uchafu uliopita. Lazima kuna uchafu uliopita, kama wewe ulisikia ikikata. Mimi sikusikia. Nisamehe, Athumani. Nilikuharibia siku yako mbele ya watu."

Nilimjibu, "Hayana neno."

Ndivyo nilivyomjibu. Mtu niliyemvunja mkono ananiomba radhi, nami nikamsamehe! Nikashuka mlima. Nilipofika nyumbani ulikuwa nyuma ya nyumba unapepeta mahindi. Nikakuuliza kitu ambacho baba hamuulizi mtoto isipokuwa ameshashindwa: "Mbona siku hizi huji karakana?"

Uliendelea kupepeta. Kisha ukasema, "Nikija, watu wataniuliza siku ile ilikuwaje. Uongo sitaki kusema. Na baba yangu sitaki kumsema."

Hukupandisha sauti. Ulimwaga pumba, ukaingia ndani. Nimefundishwa na mlowezi, nimefundishwa na maalimu wa chuoni, nimefundishwa na mashine yenyewe kwa kunikata vidole. Hakuna somo lililonifikia kama lile, na aliyelitoa alikuwa na unga wa mahindi kwenye nyusi.

Mkutano wa kijiji uliofuata nilinyoosha mkono. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakanitoroka. Nikasema, "Injini haikukata. Geji ilinionyesha, na binti yangu aliniambia, nami nikafanya kiburi. Yohana hana kosa. Kosa ni langu, na uongo ni wangu." Nikakaa. Ungedhani mtu akishasema kweli, dunia inamkumbatia. Hapana. Wengine walicheka. Mzee mmoja akauliza kama mradi wa kijiji una fundi au una mganga wa viini macho. Kamati ikaniondoa kwenye uongozi wa karakana, na walifanya haki. Yohana alikuwa amekaa safu ya mbele. Aliinuka kabla mkutano haujafungwa, akatoka, hakunitazama.

Majuma mengi hakuniitikia salamu. Nilikuwa nikipita kwake nikibisha hodi, mkewe anatoka, anasema kwa upole kwamba mwenyewe hayupo, na mimi naona viatu vyake mlangoni. Niliendelea kupita. Nakuambia hili kwa sababu utakuja kumkosea mtu, na utakwenda kuomba radhi, na huenda ukakuta mlango umefungwa. Radhi si deni lake kwako. Yeye ana haki ya kukaa ndani na viatu vyake nje kwa muda anaoutaka. Kazi yako ni kupita tu, na kutochoka, na kutolalamika kwa watu kwamba umeomba na hukupewa.

Kisha asubuhi moja nikakuta mtu ameinama kwenye injini, anafungua bomba kwa mkono mmoja na nusu. Bila kugeuka akasema, "Nimerudi kwa sababu injini hii inateswa, naisikia mpaka kitandani kwangu. Sikurudi kwa ajili yako."

"Karibu," nikasema.

"Mwite mtoto," akasema. "Aliyesikia kwanza ndiye aonyeshe panapovuja."

Nilikuja kukuita mwenyewe, sikutuma mtu. Sijui kama unakumbuka nilivyokuambia. Nilisema, "Zaina, tunakuhitaji." Ulikuja na bakuli la povu la sabuni. Mimi nilikuwa nimeshaapa kwamba kosa ni mpira wa mdomoni au bearingi. Ukapaka povu kwenye mpira, hakuna kitu. Ukapaka kwenye bearingi, hakuna kitu. Ukanituma nipulize hewa kwenye bomba kwa pampu ya baiskeli, kwa kuwa ulisema panapoingiza hewa ndipo patakapoitoa, nami nikapuliza kama nilivyoagizwa. Kisha ukapaka povu kwenye ubavu wa kikombe nilichokichonga mwenyewe, kikombe nilichokuwa nakisifia. Vipovu vikaanza kutoka, vidogo vidogo, kwenye ubao mzima usio na ufa wowote. Mti wenyewe ulikuwa unapitisha hewa kwenye vinyweleo vyake. Nilikuwa nimekereza mkulo miaka yote ile na sikulijua hilo. Yohana akacheka mpaka akashika mkono wake unaouma. Nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu ile siku.

Tukakipaka kikombe vanishi ndani na nje, mara tatu, kila mara tukingoja ikauke. Yohana akaleta mtungi wa chuma wa breki za lori bovu, akaufunga kati ya pampu na mashine, ili hata injini ikikata kweli, kunyonya kubaki kwa muda wa kutosha mtu kusimamisha mashine. Na tukakubaliana kwamba yeyote aliyemo karakanani, mkubwa au mdogo, akisema "simama," mashine inasimama kwanza, maswali baadaye. Mshale wa geji ukapanda ukatulia. Tulikaa wote watatu tukiutazama kama watu wanaotazama uji usifurike.

Bakuli la kwanza lilipotoka, Yohana alilichukua, akaligeuza, akapitisha kidole gumba kwenye kitako. "Hili halina kovu," akasema, akanirudishia. Nikalipokea kwa mikono miwili.

Sasa nakuja kwenye la mwisho, ambalo nimelificha mpaka leo. Mwalimu wako mkuu alipokuja kuniambia kuna nafasi chuo cha ufundi Dar es Salaam, na kwamba anataka kupeleka jina lako, nilimkatalia. Ndiyo, mimi, baada ya yote yale. Nilisema ufundi wa mashine ni wa wavulana, watakuchezea akili huko, nani atakuoa. Mtu hageuki mara moja, Zaina. Nilikuwa nimejirekebisha kwa Yohana, nikadhani nimeshamaliza kujirekebisha. Mwalimu akaaga. Yohana alikuwa kwenye injini, amesikia yote. Akafuta mikono, akaja akasimama mbele yangu.

"Athumani," akasema, "mkono wangu huu ulivunjika kwa sababu ulimrudisha jikoni mtu aliyekuwa anasema kweli. Unataka kumrudisha tena? Safari hii nani avunjike?"

Nilimkimbilia mwalimu nikampata ameshapita daraja. Nilisaini fomu juu ya mgongo wake, ukungu ukiilowesha karatasi. Ndiyo maana jina langu kwenye fomu lilionekana kama la mtu mlevi, ukaniuliza, nikakuambia kalamu ilikuwa mbovu. Kalamu ilikuwa nzima.

Kwa hiyo unapokwenda, jua ni nani aliyekufungulia njia. Mimi niliizuia, nikaondoka mlangoni kwa kusukumwa. Chuoni huko utakuta madarasa yamejaa wavulana, na huenda mwalimu mwingine akasema kama nilivyosema mimi. Usimchukie haraka. Rudia ulichokisikia, polepole, mara ya pili na ya tatu. Mara ya kwanza mimi sikusikia, na mimi ni baba yako ninayekupenda.

Na siku itakapokuwa wewe ndiye fundi, watu wamejaa mlangoni, na mshale unashuka, zima. Watu watarudi nyumbani wakisema umeshindwa. Waache waseme. Utaamka kesho yake na kazi yako na rafiki yako mzima.

Nimejichorea picha yako ya siku zijazo mara nyingi wiki hii, nikiwa nasukuma patasi. Nakuona umevaa ovaroli ya buluu, mikono ina grisi, unabishana na mtu juu ya bearingi na umeshinda. Sijawahi kuiona Dar es Salaam, hivyo nyuma yako naweka milima yetu. Wewe utaibadilisha ukifika.

Yohana amesema atashuka nasi stendi ya Soni kesho. Mkewe amekufumia sweta, nami nimemwambia Dar kuna joto, hakusikia; livae mpaka Mombo kwa heshima yake. Mimi najijua. Mama yako atalia, Yohana atakuombea kwa sauti kubwa, na mimi utanikuta nyuma ya basi nagombana na utingo juu ya namna alivyolifunga sanduku lako. Nitamwambia kamba imelegea hata kama haijalegea. Niache nigombane, mwanangu. Basi likiondoka, usinitafute dirishani. Nitakuwa bado nimeshika ile kamba.

Ni mimi baba yako,
Athumani